Malenga wa Kiwanda cha Matairi

Leo nakuletea habari za dereva wa foklifti. Aliitwa Alfred Temba Qabula, na kazi yake ilikuwa kubeba na kupanga mizigo katika kiwanda cha matairi cha Dunlop, mjini Durban, pwani ya mashariki ya Afrika Kusini. Alizaliwa mwaka 1942 huko Flagstaff, nchi ya Wapondo, akaondoka kwao kutafuta ujira kama walivyoondoka wanaume wengi wa rika lake, akapita kwenye kazi za ujenzi kabla ya kuingia kiwandani. Akiwa juu ya foklifti, alikuwa akitunga. Zamu ya kiwandani haimpi mtu karatasi wala nafasi ya kuandika, kwa hiyo maneno yalipangwa kichwani, yakarudiwa kichwani, yakatunzwa kichwani, huku mikono ikizungusha usukani.

Mwaka 1984 Qabula alisimama mbele ya wafanyakazi wenzake akayatoa. Shairi lake linaitwa Izibongo zika FOSATU, yaani Sifa za FOSATU. FOSATU lilikuwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililoundwa Aprili 1979, nalo liliwakusanya watu wa viwanda vya chuma, nguo, mpira, magari na usafirishaji. Mtu wa foklifti akalitungia shirikisho hilo sifa kwa namna wanavyotungiwa wafalme.

Hapo inabidi tusimame kidogo, maana bila kuielewa desturi hiyo hatutaona ukubwa wa alichokifanya.

Katika nchi za Wazulu, Waxhosa na Wapondo, mfalme ana mtu wake wa sifa, imbongi. Imbongi haimbi, wala hana ngoma nyuma yake. Anasema kwa kasi, kwa sauti nzito iliyokwaruza, akienda mbele na kurudi, na pumzi moja inabeba maneno mengi kabla hajatua. Humwita mfalme kwa majina ya wanyama: simba, ndovu, nyati, mamba. Jina moja halitoshi, anayarundika. Kati ya jina na jina anaingiza kisa: vita gani vilipiganwa, nani alikimbia, nani alisaliti, mto gani ulivukwa. Waliokaa hawanyamazi. Wanamwitikia "Musho!", wakimhimiza aendelee kumtaja. Shaka ana sifa zake, Dingane ana zake, na mpaka leo zinasemwa. Hata mtu wa kawaida anaweza kuwa na sifa mbili tatu alizopewa na wenzake, na ng'ombe mzuri naye husifiwa zizini.

Lakini imbongi hakuwekwa pale kupaka mafuta tu. Desturi ilimpa ruhusa ambayo wengine hawakuwa nayo: kumwambia mkubwa makosa yake mbele ya watu. Ndani ya zile sifa huwekwa neno la kumchoma, nalo halikuhesabiwa kuwa utovu wa adabu. Sisi Waswahili tunaijua ruhusa hiyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alisimama na watawala wa Kimazrui, akawasemea, akawahimiza, akawaonya. Wataalamu wanamkumbuka kwa kulitoa shairi msikitini na kulifikisha sokoni, kwenye mambo ya watu ya kila siku.

Sasa rudi Durban. Qabula aliichukua sifa ya mfalme akawapa watu wa ovaroli. Na hakuichukua mahali ambapo hakuna anayeidai. Wakati huohuo, mkoani Natal, chama cha Inkatha kilichoongozwa na Mangosuthu Buthelezi tangu mwaka 1975 kilikuwa kikijitangaza kuwa ndicho mlinzi wa mila za Kizulu: mfalme wetu, mkuki wetu, ngao yetu, sifa zetu. Anayesimama katika ukumbi wa chama cha wafanyakazi na kuvisha sifa hizo shirikisho lisilo na ukoo wala taji anadai kwamba mila ni ya wote waliozaliwa nayo, hata yule anayelala hosteli na kuamka saa kumi alfajiri kuwahi zamu. Ni dai zito, na huko mbele nitakueleza kwamba watu waliuawa.

Ndani ya shairi hilo, shirikisho linaitwa msitu. Ni msitu unaotembea, na wafanyakazi wanakimbilia ndani yake kujificha. Ukilisoma shairi hilo ukiwa umekaa kwenye kiti chako, utadhani ni pambo. Kwa mtu wa Pondoland si pambo. Mwaka 1960 Wapondo waliasi utawala wa machifu waliowekewa na serikali ya makaburu. Tarehe 6 Juni mwaka huo, kwenye kilima cha Ngquza, polisi waliwafyatulia risasi watu waliokuwa mkutanoni, wakaua 11. Baada ya hapo watu walilala misituni na milimani kuwakwepa askari. Qabula alikuwa kijana wa miaka 17. Kwa hiyo alipowaambia wafanyakazi wa Durban kwamba chama chao ni msitu, wengi wao, ambao nao walitoka vijijini, walijua msitu unamfanyia nini mtu anayewindwa.

Yumo pia Chakijana, mnyama mdogo mjanja wa hadithi za Kizulu, ambaye wewe na mimi tungemwita Sungura bila kusita. Halafu, katikati ya sifa zote hizo, anaingiza lile neno la kuchoma. Anaikumbusha FOSATU kwamba wafanyakazi walishawahi kuwa na viongozi na vyama, vikaanguka. Anaitaka iwafundishe makosa ya waliotangulia ili yasirudiwe. Wazee waliokuwamo ukumbini walielewa. Mwaka 1919 Clements Kadalie, kijana aliyetoka Nyasaland, Malawi ya leo, aliunda Cape Town chama cha wafanyakazi kilichojulikana kwa herufi ICU. Kilipata nguvu kubwa katika miaka ya 1920, kikazoa wanachama mpaka mashambani, kisha kikavunjika kwa ugomvi wa viongozi na fedha. Mtu anayelisifu shirikisho na papo hapo akalikumbusha kaburi la mwenzake ameifanya kazi ya imbongi barabara.

Mimi naamini hapo ndipo nguvu ya ushairi wa wafanyakazi inapokaa. Watu wengi wakisikia shairi la wafanyakazi wanafikiria kilio: jasho, jua, mshahara mdogo, tajiri mkatili. Kilio kina haki yake, na Qabula naye alilia. Lipo shairi lake zima kuhusu mateso ya mtu aliyeacha watoto kijijini na kwenda kuuza nguvu zake mjini. Lakini kilio peke yake humwacha mfanyakazi pale pale anapowekwa na tajiri, chini, akiomba ahurumiwe. Sifa humwinua. Ukimsifu mtu unasema ana ukoo, ana matendo, ana historia ya kusimuliwa. Na ukishakuwa wewe ndiye mtoa sifa, unazo pia hukumu mkononi: leo nakusifu, kesho ukiniuza nitakusema kwa kinywa hikihiki.

Fikiria walivyokuwa wakihesabiwa. Kwa sheria ya mwaka 1924, Mwafrika aliyelazimishwa kubeba pasi, yaani kibali cha kutembea, hakutambuliwa kuwa mwajiriwa mwenye haki ya kuingia chama kilichosajiliwa. Alikuwa mikono tu. Januari 1973 mikono hiyo iligoma. Ilianza tarehe 9 kwenye kiwanda cha matofali cha Coronation, nje kidogo ya katikati ya Durban, ikaenea kwenye viwanda vya nguo, bandarini na kwa wafagiaji wa manispaa, mpaka makumi ya maelfu wakawa nje ya mageti. Kutoka kwenye migomo hiyo vilizaliwa vyama vilivyounda FOSATU, na mwaka 1979, baada ya tume ya Wiehahn iliyochunguza sheria za kazi, serikali ikalazimika kuibadili sheria. Sisi huku tulikuwa na manamba, wale walioandikishwa kwa nambari kwenda kukata mkonge Tanga, wakiletwa kutoka Songea, Kigoma, Burundi na Msumbiji. Mtu akifika kambini jina lake linakaa pembeni, nambari ndiyo inayoitwa. Kwa aliyeishi hivyo, kupewa jina la sifa mbele ya umati ni kurudishiwa kitu alichonyang'anywa.

Basi shairi la Qabula likasambaa. Aliitwa kwenye mkutano huu na ule. Na kiwandani kwake Dunlop alikuwapo mwenzake, Mi Hlatshwayo, mzaliwa wa mwaka 1951 huko Cato Manor, aliyeiacha shule mapema kwa umaskini. Hlatshwayo alikulia karibu na makanisa ya Kizayuni, yale ya kanzu, fimbo na maombi ya sauti kubwa, na shairi lake lina mapigo ya madhabahuni. Alipomsikia Qabula aligundua kwamba kile alichokuwa nacho moyoni kina mahali pa kusemwa. Baada ya mgomo wa Dunlop wa mwaka 1984 akawatungia wafanyakazi wa kiwanda hicho sifa zao, akiwafananisha na koboko, yule nyoka anayenyanyua kichwa. Si chama cha taifa tena kinachosifiwa, ni watu wa geti moja, wanaojuana kwa sura. Tajiri alidhani amemuua nyoka, na nyoka akainuka.

Ukitaka kuuona ushairi huu ukiwa kazini, nenda nao ukumbini. Ni mwisho wa wiki. Watu wamekaa kwenye viti, wengine wamesimama ukutani, wengine dirishani. Ajenda ni ndefu: makubaliano na mwajiri, waliofukuzwa, michango. Wengi hawasomi, na wanaosoma wamechoka. Anainuka mtu wanayemfahamu, aliyekuwa nao kwenye zamu, anaanza. Ndani ya dakika chache anasimulia mgomo ulivyoanza, anamtaja nyapara kwa jina la mnyama, watu wanacheka, anataja waliorudi kazini kwa siri, ukumbi unanung'unika, anawageukia viongozi waliokaa meza ya mbele, anawaeleza walichoahidi. Akimaliza, kila aliyemo anajua kilichotokea na anajua anachopaswa kudai. Shairi hilo limefanya kazi ya muhtasari wa kikao, tena muhtasari ambao katibu hawezi kuufungia kabatini.

Mwaka 1985 vyama vikaungana zaidi. Shirikisho jipya la COSATU lilizinduliwa Durban, na tarehe 1 Desemba watu walijaa uwanja wa King's Park. Qabula na Hlatshwayo walikuwa wametunga pamoja shairi la tukio hilo, na humo mfanyakazi ndiye muumbaji anayelia, aliyejenga kila kinachoonekana akabaki mikono mitupu. Mwaka uliofuata mashairi yao, pamoja na ya mwanamke mmoja, Nise Malange, yalitoka katika kitabu kiitwacho Black Mamba Rising, yaani Koboko Anainuka, kilichohaririwa na Ari Sitas, mwanasosholojia aliyefanya kazi bega kwa bega nao. Mengi yalikuwa yametungwa kwa Kizulu ili yasemwe, ndipo yakatafsiriwa Kiingereza kwa ajili ya kitabu.

Nise Malange namtaja peke yake kwa makusudi. Alizaliwa mwaka 1960, akakulia Cape Town, akaja Durban kufanya kazi katika chama cha wafanyakazi wa usafirishaji na kazi nyinginezo. Yeye hakuvaa sauti ya imbongi. Wenzake walisimama kama waita mfalme. Malange aliingia kwenye nafsi ya mtu asiye na ajira akasema kwa niaba yake, taratibu, bila kupayuka. Aliwaona pia wanawake ambao sifa za wanaume ziliwapita: mama anayesafisha ofisi usiku, anayetoka nyumbani watoto wakilala na kurudi wakienda shule. Mama huyo yuko peke yake kwenye korido ya ghorofa ya tisa na ndoo yake. Hana geti la kiwanda la kukusanyikia, hana nyapara wa kumgomea mbele za wenzake elfu moja. Kumfikisha kwenye jukwaa la chama ilikuwa kazi ngumu kuliko kumfikisha dereva wa foklifti, na hata leo, katika nchi zetu hizi, wafanyakazi wa majumbani ndio wa mwisho kukumbukwa vyama vinapohesabu wanachama. Ningekuwa na saa nzima, ningeimaliza kwa Malange.

Nilisema watu waliuawa. Kama kilomita mia moja bara kutoka Durban kuna mji wa Howick, uliokuwa na kiwanda cha mpira cha Sarmcol. Tarehe 30 Aprili 1985 wafanyakazi waligoma, na siku chache baadaye wote, zaidi ya 900, wakafukuzwa. Hawakutawanyika. Katika kitongoji chao cha Mpophomeni walianzisha ushirika, na kati ya kazi za ushirika huo, pamoja na bustani na kushona, walitengeneza igizo kuhusu mgomo wao wakaliita Matembezi Marefu. Wachezaji walikuwa walewale waliofukuzwa. Walizunguka nalo kuomba michango na kueleza kesi yao. Desemba 1986 wafuasi wa Inkatha waliwateka na kuwaua baadhi ya watu wa Mpophomeni. Mmoja alikuwa Phineas Sibiya, kiongozi wa wafanyakazi wale. Mwingine alikuwa Simon Ngubane, mchezaji katika igizo. Kesi ya waliofukuzwa iliendelea mahakamani mpaka mwaka 1998. Ninapowasikia wenzangu wakisema sanaa ya wafanyakazi ni burudani ya kujaza muda kabla mgeni rasmi hajafika, ninamkumbuka Ngubane. Waliomuua hawakuiona kuwa burudani.

Walikuwapo pia wasomi waliouliza kama kweli haya ni mashairi. Waliyaona kwenye karatasi, kwa Kiingereza, wakasema yanarudiarudia, yana kaulimbiu nyingi, picha zake zinagongana. Sikubaliani nao, ingawa naelewa walichokiona. Utenzi ukiusoma kimya bila mahadhi unaweza kukuchosha, na hiyo haiwi dosari ya utenzi. Izibongo ni mali ya pumzi na mwili. Kurudia ndiko kunakompa msikilizaji nafasi ya kuitikia. Picha zinagongana kwa sababu mfalme, au chama, ana sura nyingi. Anayetaka kuyapima mashairi hayo ayapime pale yalipotungwa kufanya kazi, ukumbini, kwa kuangalia kama watu walitoka wakiwa wamenyooka zaidi kuliko walivyoingia.

Na sisi je? Naomba unisikilize vizuri hapa, kwa sababu hatukuwa maskini wa mambo haya. Wabajuni wana vave, nyimbo za wakulima wanapochoma msitu kufungua shamba. Mabaharia wana kimai. Makuli wa bandari zetu walikuwa na mwito na kiitikio cha kunyanyulia gunia, na mlio mmoja wa wabeba mizigo, harambee, ulipanda mpaka jukwaani ukawa kauli ya taifa la Kenya chini ya Mzee Kenyatta. Vita vya kazi navyo tulivipigana. Januari 1947 Mombasa nzima ilisimama kwa mgomo, watu wakikutana kila siku uwanjani Kiembeni, na Chege Kibachia akawa kiongozi wao. Septemba mwaka huohuo makuli wa Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukapanda reli kuelekea bara. Mwaka 1948 ikawa Unguja, na Shafi Adam Shafi akauandikia riwaya yake ya Kuli, iliyotoka mwaka 1979. Nairobi alikuwako Makhan Singh, aliyeanzisha harakati za vyama vya wafanyakazi miaka ya 1930, akafungiwa kizuizini kuanzia mwaka 1950 hadi 1961. Wengi hawajui kwamba Singh alikuwa mshairi wa Kipunjabi, aliyekuwa akisoma tungo zake kwenye mikusanyiko kabla ya kuwa mtu wa migomo.

Lakini upande wa Tanganyika njia iligeuka. Mwaka 1964 shirikisho huru la vyama vya wafanyakazi lilivunjwa, kikaundwa chama kimoja, NUTA, na waziri wa kazi ndiye akawa katibu mkuu wake. Mwaka huohuo ikazaliwa NUTA Jazz, bendi ya chama. Naipenda bendi hiyo kwa moyo wote. Imebadili majina kufuata majina ya chama, JUWATA, kisha OTTU, mpaka Msondo Ngoma tunayoijua, na Muhidin Gurumo aliyeimba humo ni katika sauti kubwa kabisa zilizowahi kutoka katika nchi hii. Wanamuziki wakawa waajiriwa wenye mshahara, jambo la heshima ambalo wasanii wengi wa leo wanalitamani. Ila mwimbaji aliyeajiriwa na chama atamkaripia vipi katibu mkuu? Ataimba mapenzi, ataimba maadili, atahimiza kazi. Yale ya kuchoma yatabaki kooni. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ndivyo ilivyokuwa kwa ushairi pia. Ngonjera na tenzi nyingi zilimhimiza mfanyakazi aongeze juhudi, zilizotungwa na walimu na watu wa chama kwa nia njema. Mashairi hayo yalimwambia mfanyakazi. Ya Durban aliyasema mfanyakazi.

Nitakupa mfano unaoniuma. Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo, na kifungu chake cha 15 kilimkataza kiongozi kuwadharau na kuwaonea walio chini yake. Wafanyakazi walikichukua kifungu hicho kwa mikono miwili. Wakakisoma viwandani, wakawakataa mameneja wenye kiburi. Mwaka 1973, mwaka uleule wa migomo ya Durban, wafanyakazi wa kiwanda cha Mount Carmel jijini Dar es Salaam walikitwaa kiwanda na kukiendesha wenyewe. Na Mount Carmel kilikuwa kiwanda cha mpira, msikilizaji, sawa na Dunlop. Harufu ileile ya mpira uliochomwa, joto lilelile. Habari zao tunazisoma katika kazi za wasomi wa sheria kama Issa Shivji na Pascal Mihyo, na ni kazi za thamani. Wale watu lazima waliimba. Hakuna umati unaolinda geti usiku kucha bila kuimba. Lakini katika mitaala yetu mwanafunzi atakutana na maelezo kuhusu wafanyakazi, hatakutana na sauti yao.

Tazama tunavyoiadhimisha Mei Mosi. Fulana za rangi moja, kofia, mabango yaliyochapishwa, magari yanapita mbele ya jukwaa, bendi inapiga, ngonjera ya watoto wa shule, kisha risala. Risala imeandikwa ofisini, imepitiwa, imenyooshwa. Hakuna dakika kumi za mtu aliyetoka kwenye mashine, akasimama bila karatasi, akawasifu wenzake kwa majina na kuwakumbusha viongozi walioketi kivulini yale waliyosema mwaka jana. Naona ni hasara kubwa, na haisababishwi na uhaba wa watunzi. Wabeba mizigo wa masoko yetu, makondakta, wachimbaji wa migodini, mafundi wa gereji, kinywani mwao Kiswahili hakijalala.

Qabula mwenyewe hakuishia vizuri. Mwaka 1989 alitoa kitabu cha maisha yake, na kichwa chake kinasema ni maisha ya kazi yenye ukatili usioaminika. Uhuru ulipokuja mwaka 1994, baadhi ya waliokuwa naye vyamani walikwenda bungeni, wizarani na kwenye makampuni. Yeye alibaki na shida zake. Katika shairi lake la miaka ya mwisho anaitazama njia ndefu aliyopita na kuwalaumu wenzake waliovuka kwa msaada wake wakamwacha upande ule. Hakulitukana vuguvugu wala hakuligeuka. Alifanya alichokuwa amefanya mwaka 1984: aliwakumbusha wakubwa, na safari hii wakubwa walikuwa rafiki zake. Alifariki mwaka 2002.

Kwa hiyo nina ombi, nami naomba ulichukue kwa uzito. Ikiwa wewe, au mzazi wako, mlifanya kazi katika mashamba ya mkonge, bandarini, reli, viwanda vya nguo au vinu vya pamba, na unakumbuka wimbo au shairi lililotungwa na mfanyakazi, liandike au lirekodi kwenye simu yako. Usilirembe. Acha matusi yaliyomo, acha jina la utani la nyapara. Andika jina la mtunzi, kazi aliyokuwa akiifanya, mahali na mwaka kama unaukumbuka, na tukio lililomfanya atunge. Lilete hapa kituoni. Kwa kipindi kijacho tutaanza na makuli wa bandari ya Dar es Salaam, kwa hiyo wazee wa Gerezani na Kariakoo mliobeba magunia, au mliozaliwa na waliobeba, ninyi ndio ninaowasubiri kwanza.